Mwanafunzi Berlin: mwongozo kamili, kutoka siku ya kutua hadi siku ya kufuta jina kwenye sanduku la barua

Kila mwaka ikifika Agosti simu yangu hujaa ujumbe wa sauti. Ni wadogo zangu wa Lindi, Mtwara na Dar waliopata nafasi ya kusoma Berlin, na karibu wote wana swali lilelile: kaka, baridi ikoje, na koti ninunue huku au huko? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za sanduku la barua. Nami sanduku la barua ndilo lililonitoa jasho mwezi wangu wa kwanza kuliko baridi yote ya Januari.

Basi nimeamua kuandika mara moja, kila anayeuliza nimpe hii. Ninayoyasema ni ya Berlin. Miji mingine ya Ujerumani inafanana nayo kwa karatasi, ila kila mji una mitaa yake. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba huku karatasi huzaa karatasi. Ukikosa nyumba huna anwani, ukikosa anwani namba ya kodi haikufikii, na mwajiri atakuuliza hiyo namba kabla hajakulipa. Kwa hiyo fuata zamu. Karatasi zikikaa sawa, toka nje uujue mji, maana nimeona watu wamemaliza miaka miwili hapa wanajua njia mbili tu, ya chuo na ya dukani.

Kabla hujapanda ndege

Ubalozi utataka kuona una fedha za mwaka mzima. Kama huna ufadhili, njia iliyozoeleka ni akaunti iliyofungwa, wenyewe huiita Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, na ukishafika unafunguliwa euro 992 kwa mwezi, basi. Usiipigie hesabu ya shilingi ukajiona tajiri. Chumba changu kilikula 470, bima ya afya ikachukua zaidi ya 140, kilichosalia ndicho chakula, simu, sabuni na dharura. Nafuu ni kwamba vyuo vya serikali vya Berlin havitozi ada kwa kozi nyingi. Unalipa mchango wa muhula, na ndani yake mna tiketi ya usafiri ambayo nitaisifia mbele.

Vyeti halisi vyote viweke kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Piga nakala, piga na picha. Nyama na vitu vya maziwa usibebe, haviruhusiwi kuingia. Wala usifanye kama mimi niliyebeba mbuzi ya kukunia nazi, kilo na ushee, halafu nikakuta nazi za huku zimechacha kabla hazijapasuliwa. Tui la kopo lipo kila mahali. Mbuzi yangu sasa ni kigoda cha sufuria.

Siku ya kutua

Uwanja wa ndege unaitwa BER, ulifunguliwa mwaka 2020, na uko nje kidogo ya mji. Usafiri umegawanywa kwa kanda tatu, A, B na C, na uwanja uko C. Kwa hiyo kata tiketi ya ABC.

Ukishaikata, igonge. Vituo vya treni vya Berlin havina mageti, unaingia kama unavyoingia sokoni, na jukwaani kuna kisanduku kidogo cha kugongea tiketi. Mimi nilinunua tiketi yangu, nikaikunja vizuri, nikaitia mfukoni nikiwa na furaha ya mtu aliyelipa. Vituo vitatu mbele, kijana aliyevaa jaketi kama abiria mwingine yeyote akatoa kitambulisho. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, faini euro 60. Nilijaribu kueleza. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniandikia.

Tiketi ya mwanafunzi huanza kazi muhula unapoanza, yaani tarehe 1 Oktoba kwa muhula wa baridi na 1 Aprili kwa ule wa joto. Ukifika Septemba jiandae kulipa nauli mwenyewe.

Nyumba: hapa usiharakishe, wala usichelewe

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, nami nitakaa hapa kidogo.

Siku ileile unayopata barua ya kukubaliwa chuoni, jiandikishe kwenye foleni ya hosteli za studierendenWERK BERLIN. Ndizo za bei nafuu, na kwa sababu hiyo foleni yake ni ndefu. Jiandikishe, kisha usikae kuisubiri. Njia ambayo wengi wetu tumepitia ni WG, nyumba ya kushirikiana: kila mtu na chumba chake, jiko na bafu ni vya wote. Hutafutwa zaidi kwenye tovuti ya WG-Gesucht. Usishangae ukiitwa kwenye usaili wa kupata chumba. Watakukalisha jikoni, wakupe chai isiyo na sukari, wakuulize unapenda nini na unaamka saa ngapi. Niliandika ujumbe zaidi ya 60. Nyingi zilikuwa za kunakili, na hazikujibiwa. Uliojibiwa ni ule nilioandika kwamba natoka pwani, napika pilau kila Ijumaa, na sivuti sigara. Nilipohamia waliniuliza pilau kabla hawajaniuliza kodi.

Matapeli wapo, na wanatujua. Hadithi yao ni moja: mwenye nyumba yuko nje ya nchi kikazi, nyumba ni nzuri mno, bei ni ndogo mno, nawe utume amana ili akutumie funguo kwa posta. Usitume senti kwa nyumba ambayo hujaiona wewe wala mtu wako. Rafiki yangu mmoja alipoteza fedha za miezi miwili hivyo, na funguo anazisubiri mpaka leo.

Katika tangazo utaona kodi za aina mbili. Kaltmiete, yaani kodi baridi, ni chumba kitupu. Warmmiete, kodi moto, ni pamoja na joto na maji. Uliza ya pili, ndiyo utakayolipa, na uliza kama umeme umo. Amana huitwa Kaution. Sheria inaizuia isizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Mwenye nyumba anaweza asikwambie hilo. Mwambie wewe.

Swali lingine liulize kabla hujalipa chochote: je, naweza kujiandikisha kwenye anwani hii? Kwa maneno yao, «Ist die Anmeldung möglich?» Akijibu hapana, hata kama chumba kina roshani na jua la asubuhi, kichukue kwa wiki chache tu huku ukiendelea kutafuta. Akijibu ndiyo, mwombe barua iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Neno ni refu kuliko treni ya Tazara, lakini karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja: mwenye nyumba anathibitisha kwamba unaishi kwake.

Sasa sanduku la barua. Nyumba za ghorofa za huku kwa kawaida hazina namba ya mlango kama Kariakoo. Barua zinaletwa kwa jina. Kama jina lako halipo kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlangoni, kwa mtu wa posta wewe hupo, na barua inarudi ilikotoka. Kadi yangu ya benki ilirudi. Namba ya siri ilirudi. Barua ya bima nayo ikarudi, na mimi niko ghorofa ya tatu nalalamika kwamba Wajerumani wavivu. Aliyenifungua macho ni mama mmoja jirani, wa Kituruki, aliyenionyesha kidole kwenye masanduku akaniuliza, wewe ni yupi hapa? Siku unayohamia, kabla hujafungua begi, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike kwa gundi ya karatasi. Unaweza kutengeneza zuri baadaye.

Kujiandikisha

Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Unakwenda Bürgeramt, ofisi ya wananchi, kwa miadi unayoichukua mtandaoni. Hapa Berlin kuna mambo mawili ambayo mgeni hayajui. Kwanza, huna lazima ya kwenda ofisi ya wilaya yako, yoyote ndani ya Berlin inakuhudumia. Mimi niliishi mtaa wa Wedding nikajiandikishia upande wa pili wa mji. Pili, miadi ikionekana imejaa mwezi mzima, fungua ukurasa asubuhi mapema uuonyeshe upya mara kwa mara, watu huahirisha na nafasi hutokea. Hifadhi picha ya kuonyesha kwamba ulitafuta.

Chukua pasipoti, fomu na ile barua ya mwenye nyumba. Kwenye fomu kuna kipengele cha dini. Kwetu mtu akiuliza dini anataka kujua akukaribishe nini mezani. Huku ukiandika Mkatoliki au Mlutheri unaingia kwenye kodi ya kanisa, ambayo Berlin ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo huenda asidaiwe kitu, lakini ukimaliza masomo ukapata kazi itaanza kukatwa. Sisemi uandike nini. Nasema ujue unachoandika.

Utatoka na karatasi moja ya uthibitisho. Itunze, itaulizwa na kila mtu. Baada ya wiki kadhaa namba yako ya kodi itakuja kwa posta, na pamoja nayo barua nyingine ya kukudai euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma. Usiitupe ukadhani ni utapeli, na usiseme huna televisheni, haisaidii. Ada ni ya nyumba, siyo ya mtu. Kama mnaishi wanne analipa mmoja, nanyi mnachangiana.

Bima, kibali na kazi

Bima ya afya ni lazima, bila hiyo chuo hakikusajili. Kama hujafikisha miaka 30 unaingia bei ya wanafunzi katika bima za umma, zaidi kidogo ya euro 140 kwa mwezi. Aliyevuka 30 apate ushauri kabla hajaondoka nyumbani, hesabu yake ni nyingine kabisa. Tafuta daktari wa karibu na nyumbani ungali mzima. Na usitarajie duka la dawa likuuzie antibayotiki kama tulivyozoea, bila karatasi ya daktari hawakupi. Mafua yangu ya kwanza daktari aliniandikia chai na kulala. Nilitoka pale nimeudhika, nikapona baada ya siku nne. Namba za kichwani ni 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi, na 116117 ukiugua usiku bila kuwa mahututi.

Viza uliyoingia nayo ina tarehe. Itazame leo. Kabla haijaisha uwe umeomba kibali cha kuishi kwenye ofisi ya uhamiaji ya Berlin, Landesamt für Einwanderung. Omba mapema, uhifadhi uthibitisho wa kwamba uliomba.

Kazi unaruhusiwa: siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Kazi za chuoni, kama kumsaidia mwalimu utafiti, hazihesabiwi humo, ndiyo maana zinagombewa. Kima cha chini tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Anayekwambia utalipwa nane mkononi, taslimu, mwachie kazi yake.

Neno moja la pembeni. Mshahara wa kwanza ukiingia tu simu za nyumbani nazo zitaanza kuingia. Binamu ana harusi, mjomba ana shamba, kila mtu ana jambo. Huku hakuna anayejua kwamba unakula tambi siku ya tano mfululizo. Nilijiwekea kiasi kimoja cha kumtumia mama kila mwezi, kidogo, kisichokosa. Wengine wote niliwajibu kwamba niulizieni kwa mama. Ilifanya kazi kuliko maelezo yoyote.

Saa

Sisi tunabadilisha saa kichwani tangu utotoni, tunajiona mafundi. Kijerumani kitakunasa. Wakisema «halb neun», nusu ya tisa, wana maana ya nusu saa kabla ya tisa yao, yaani saa mbili na nusu asubuhi yetu. Mimi niliyesoma kwa Kiingereza nilisikia tisa na nusu, nikafika saa tatu na nusu asubuhi, nimechana nywele, nimeshika folda. Yule mama wa dirishani alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, hakusema kitu. Miadi mipya niliipata baada ya wiki tano.

Chuoni kuna kinyume chake. Ratiba ikiandika c.t. baada ya saa, somo linaanza dakika 15 baadaye. Ikiandika s.t., linaanza papo hapo.

Kula

Nunua kwenye maduka ya bei nafuu, Aldi, Lidl, Penny, Netto, na uzoee kwamba Jumapili karibu kila kitu kimefungwa. Jumamosi jioni nunua mkate, maziwa na mayai. Ukisahau, supamaketi za stesheni kubwa huwa wazi, na vipo vile vibanda vya mtaani waviitavyo Späti, ila bei zao zina adhabu ya kusahau. Chupa za plastiki na makopo usitupe, nyingi zina amana ya senti 25, unazirudisha kwenye mashine dukani. Nimewahi kula mchana kwa chupa za jirani.

Mchana kula kantini ya chuo, Mensa. Chakula hakina chumvi, lakini huwezi kukipika nyumbani kwa bei ile.

Kuhusu ugali: unga wa mahindi wa supamaketi ni wa njano na chengachenga, ukiusonga unapata kitu kama uji uliokasirika. Sembe nyeupe ipo kwenye maduka ya Waafrika, hasa Wedding kando ya Müllerstraße, pamoja na kisamvu cha barafu na ndizi za kupika. Samaki wakavu wapo pia, ingawa wa kwao ni wa Afrika Magharibi, wana moshi mwingi kuliko wetu. Bamia, embe mbichi na pilipili nilizikuta kwenye soko la Wavietnamu, Dong Xuan Center, Lichtenberg. Nyama ya halali imejaa Neukölln, pita Sonnenallee uchague. Mboga nenda Maybachufer, soko la Waturuki kando ya mfereji, Jumanne na Ijumaa. Nenda kama saa moja kabla hawajafunga. Hapo nyanya zinauzwa kwa sanduku, na utasikia wauzaji wakipiga kelele kama Kariakoo. Kelele ile ilinipa faraja ambayo sikuitegemea.

Ubebe fedha taslimu. Mtu aliyetoka nchi ya kulipia mchicha kwa simu anashangaa kukuta mgahawa wa Ulaya umeandika mlangoni kwamba kadi haipokelewi.

Majirani

Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Jumapili ni kimya mchana kutwa, usitoboe ukuta wala usitupe chupa kwenye pipa la vioo. Taka zina mapipa ya rangi, karatasi peke yake, maganda peke yake. Ukikosea kuna mtu dirishani amekuona.

Watu hawasalimiani barabarani, na utaona kama wamenuna. Lakini ukiingia chumba cha kusubiri cha daktari sema «Guten Tag» kwa wote, watakuitikia, na ukitoka aga. Kwenye lifti vivyo hivyo. Ni hodi yao, ila inapigwa mahali pengine.

Kila siku fungua madirisha wazi kabisa dakika chache, hata kukiwa na barafu, kisha funga. Nilidhani ni wazimu. Pilau yangu ya mwezi wa kwanza, madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi, iliotesha ukungu mweusi kwenye kona ya dari, na huo ukungu ni deni la mpangaji.

Majira ya baridi

Koti nunua huku, ndilo jibu la swali lenu. Nenda maduka ya mitumba, Humana ya Frankfurter Tor ina ghorofa kadhaa. Nilicheka peke yangu humo ndani: mashati tunayoyachambua mnadani nyumbani, nimeyafuata kwenye chemchemi yake. Viatu tu ndivyo nunua vipya, visivyopitisha maji. Na tembea mtaani ukiangalia chini. Watu huweka masanduku nje yameandikwa «zu verschenken», chukua bure. Meza yangu, taa yangu na sufuria mbili vilitoka kando ya barabara.

Baridi yenyewe utaivalia. Kisichovalika ni giza. Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na siku nyingi huoni hata hilo. Majira yangu ya kwanza nilijifungia. Karatasi zangu zote zilikuwa safi, kibali kiko mezani, nami nalala saa kumi na mbili jioni kama kuku. Nilidhani naumwa. Rafiki yangu Mganda alinikuta hivyo Jumamosi moja, akaniburuta mpaka kwenye makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, kwa sababu ndani kuna joto.

Kuujua mji kwa miguu

Ukumbini, ukiingia tu, kuna mifupa ya dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27, mrefu kuliko mnazi wa nyumbani kwetu. Nikasoma kibao: Tendaguru. Nilisoma tena. Tendaguru iko Lindi, ndani kidogo ya bara. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale, na tani zipatazo 230 za mifupa na mawe zilibebwa na watu wa kwetu kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Msimamizi stadi wa uchimbaji ule alikuwa Boheti bin Amrani. Watoto wa Kijerumani walikuwa wanapiga picha, nami nimesimama nataka kuwaambia, huyu natoka naye kijiji kimoja. Nilimwambia mmoja. Akaniuliza kama bado wapo.

Tangu siku ile mji ukawa na njia kwangu. Naomba uzifuate, kwa zamu hii.

Wiki ya kwanza panda treni ya S41 au S42. Inauzunguka mji katikati na kurudi pale ulipopandia, kama saa moja. Kaa dirishani, usishuke. Utajua upi mji wa matajiri na upi wa wapangaji bila kuambiwa. Siku nyingine panda basi namba 100 kutoka Zoo hadi Alexanderplatz, linapita majengo makubwa yote ambayo watalii wanayalipia.

Kisha nenda Wedding, shuka kituo cha Afrikanische Straße. Huko mitaa inaitwa Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Ilipewa majina hayo na watu waliokuwa wanahesabu mali. Mmoja ulikuwa na jina la Carl Peters, yule ambaye kwetu aliitwa mkono wa damu. Baada ya miaka mingi ya kudai, Agosti 2024 barabara ile iligawanywa, na sehemu moja ikawa Maji-Maji-Allee. Vita vile vilianza 1905 kule Nandete, Kilwa, mkoani kwetu. Piga picha kibao uwatumie wazee. Baba yangu alinijibu kwa neno moja tu, «Hatimaye.» Palepale Wedding kuna EOTO (Each One Teach One), jumuiya ambayo ilianza kama maktaba ya vitabu vya watu weusi, ingia ujulikane.

Neukölln, karibu na Hermannplatz, kuna mtaa uliokuwa wa Wissmann, aliyezima upinzani wa Abushiri pwani. Tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu wa Moshi. Na Brunnenstraße 193, chini kwenye lami, tafuta kijiwe cha shaba chenye jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaishi hapa akifundisha Kiswahili na kuigiza filamu, akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Watu hupita juu yake wakikimbilia tramu. Mimi huinama nikakifuta.

Kiswahili chenyewe ni mtaji. Chuo Kikuu cha Humboldt wanakifundisha, na wanafunzi wake wanatafuta watu wa kuzungumza nao. Bandika tangazo: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani. Kijerumani changu kilitokea hapo zaidi ya darasani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja kufundisha lugha hii Berlin mwaka 1900, kwa hiyo hatuanzi sisi.

Kutazamwa utatazamwa. Kwenye treni kiti cha pembeni yako kitabaki kitupu, na dukani mlinzi atakufuata. Mara nyingine ni zaidi ya macho. Likitokea tusi au kipigo, andika saa, mahali, namba ya behewa, omba shahidi, kisha wapelekee ReachOut, wanawashauri bure waliofanyiwa ubaguzi. Usilibebe peke yako chumbani.

Joto likija, mji unageuka mwingine. Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku. Nenda Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa 2008 ukawa bustani, watu wanachoma nyama kwenye sehemu zilizotengwa. Na ukiwa mtu wa pwani umekumbuka maji, nenda Wannsee upande kivuko F10 hadi Kladow. Ni dakika 20, na tiketi yako ileile ya chuo inatosha. Mara ya kwanza nilikaa sitaha ya juu na andazi mfukoni, nikawaza kivuko cha Lindi kwenda Kitunda. Maji hayana chumvi, ila upepo unajua kazi yake.

Siku ya kuhama

Ukiondoka Ujerumani lazima ujifute kwenye daftari la wakazi. Unaruhusiwa kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka, na usizidishe wiki mbili baada yake. Karatasi utakayopewa ndiyo itakayokatisha bima na ile ada ya redio, vinginevyo madai yatakuandama hata Lindi. Chumba kipake rangi kama mkataba unataka, kipige picha kila kona, na mwenye nyumba asaini kwamba amekipokea kizima. Amana inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, kwa hiyo acha akaunti yako ya benki wazi.

Jina usiling'oe kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo. Waombe unaowaachia nyumba walibakize mwezi mmoja, kwa barua za mwisho. Anayekuja kuchukua chumba chako abandike lake chini yake.